Kabla ya kulipa motokari ya okazio, kanyaga kwanza fren

Mtu anayenunua motokari ya okazio hapa Bukavu, Uvira ao Butembo, mara nyingi anafanya mambo yaleyale. Anaizunguka akiangalia rangi, anasikiliza moteri, anajaribu redio, kisha anaanza kubishana bei. Fren atazijua siku ya kwanza kwenye mteremko. Kwa maoni yangu, inaomba tugeuze mpango huo. Motokari isiyowaka itakuacha nyumbani. Ile isiyosimama itakuua, na itaua pia mama anayeuza ndizi kando ya barabara.

Tukumbuke mahali tunapoishi. Ziwa Kivu liko karibu mita 1.460 juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika karibu mita 770. Shofa anayetoka Bukavu kwenda Uvira kupitia Ngomo anashuka urefu huo wote, na mara nyingi amebeba mizigo na watu juu ya mizigo. Kule Kivu ya Kaskazini, wanaoshuka Kabasha wanajua woga huohuo. Fren zilizotosha katika barabara tambarare za Dubai zinaweza kukosa nguvu hapa kwetu.

Ajali ikitokea tunasema: «Fren zimekatika», kama vile ni radi imepiga. Lakini mara nyingi fren zinaonya mbele, na maonyo hayo hata mtu asiye fundi anaweza kuyaona.

Motokari ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nne ao tano mpaka iwe ngumu. Usiiachilie, washa moteri. Inaomba pedali ishuke kidogo. Isiposhuka, servo haisaidii tena mguu wako. Kisha endelea kuikanyaga kwa nguvu sekunde 30. Ikizama polepole, kuna mahali mafuta yanavuja, ao metre-silindri imechoka. Ikiwa laini kama sifongo, hewa imeingia ndani.

Fungua kopo la mafuta ya fren. Yakiwa meusi, yamezeeka. Mafuta haya yananyonya maji kutoka hewani. DOT 4 mpya inachemka kuanzia digri 230, lakini ikiisha kunyonya maji inaweza kuchemka kwenye 155. Kwenye mteremko mrefu fren zinapata moto sana, mafuta yanachemka, mvuke unajaa ndani, na pedali inaenda chini bila kushika kitu. Mara nyingi ndiyo ile tunaita «kukatika». Mafuta yakiwa yamepungua, usimkubali fundi anayeongeza tu: ao plakete zimekwisha, ao yanavuja. Na anayetia mafuta ya moteri ndani ya kopo hilo anaharibu mipira yote ya fren.

Angalia pia taa ya ABS, kama motokari iko nayo. Ukifungua kontakti inaomba iwake, kisha izime. Isipowaka hata kidogo, pengine mtu aliiondoa ili usione ugonjwa.

Mwishoni, tembeza motokari polepole mahali pasipo watu, na ukanyage. Ikivuta upande mmoja, fren za upande ule mwingine hazishiki vizuri. Pedali ikitetemeka, angalia diski. Ukisikia chuma kikisaga chuma, plakete zimekwisha. Kisha simama na usogeze mkono karibu na magurudumu bila kuyagusa. Moja likiwa na moto kuliko mengine, fren yake imekwama.

Kazi hiyo yote haimalizi saa moja. Kuja na fundi wako mwenyewe, si yule wa muuzaji. Muuzaji akikatalia jaribio, mwachie motokari yake.

Wengine watasema: «Pesa ya plakete iko wapi?» Naelewa, maisha ni magumu. Lakini mwenye motokari anayedai pesa ya kila siku, huku anamwambia shofa angojee mwezi kesho juu ya fren, anajua anachofanya. Anaweka faida mfukoni mwake na hatari juu ya abiria. Hata plakete za bei kali hazifikie bei ya maziko.

Wakubwa nao, kontrole teknike isiwe karatasi ya kubandika kwenye kioo. Anayekagua akanyage pedali mbele ya kupiga muhuri.

Na sisi abiria tuache kunyamaza. Ukisikia harufu ya kuungua kwenye mteremko, mwambie shofa asimame, fren zipoe, kisha ashuke na vitesi ndogo. Akikasirika, acha akasirike. Bora kufika kwa kuchelewa kuliko jina lako kusomwa kwenye redio.