UCHAMBUZI: Sailensa yaokoa sikio la askari, yaongezea bunduki maradhi

KUANZIA Januari 1, 2026, raia wa Marekani anayenunua sailensa, yaani kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki, halipi tena ushuru wa dola 200 ambao ulikuwepo tangu mwaka 1934.

Ushuru huo ulifutwa na sheria ya bajeti iliyotiwa saini na Rais Donald Trump mnamo Julai 4, 2025. Hata hivyo, mnunuzi bado analazimika kuchukuliwa alama za vidole, kuchunguzwa na serikali na kusajili kifaa chake.

Wakati huo huo, jeshi la nchi hiyo limeanza kuwapa askari wake wa miguu kifaa hicho kama sehemu ya kawaida ya bunduki, wala si kwa vikosi maalumu pekee kama ilivyokuwa zamani.

Mjadala mkubwa umehusu siasa: nani aruhusiwe kuwa na kifaa hicho na nani anyimwe. Suala ambalo halijapewa uzito unaostahili ni lile linalowakabili mafundi wa silaha kila siku. Bunduki inayojipakia yenyewe ikifungwa sailensa, hugeuka kuwa bunduki nyingine, yenye tabia nyingine na inayodai matunzo mengine.

Kifaa hicho kilibuniwa na Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza yake nchini Marekani mwaka 1909. Jina hilo si geni Afrika Mashariki. Babake, Hiram Maxim, ndiye aliyeunda bunduki ya rashasha ya Maxim, ambayo wakoloni waliitumia kuwakandamiza Waafrika, wakiwemo wapiganaji wa Maji Maji huko Mahenge mwaka 1905.

Baba alipaza mlio wa vita, mwana akatafuta mbinu ya kuupunguza. Lakini hakuna aliyefaulu kuuzima kabisa, licha ya yale yanayoonyeshwa kwenye filamu.

Bunduki ya kivita ya kawaida hutoa mlio wa takriban desibeli 160 au zaidi. Wataalamu wa afya hutaja desibeli 140 kuwa kikomo ambacho mlio wa ghafla ukikipita, sikio huweza kudhurika papo hapo. Sailensa hupunguza kati ya desibeli 20 na 35, hivyo kinachobaki bado ni kelele kubwa. Isitoshe, risasi inayokwenda kasi kuliko sauti hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe, na mlio huo hauwezi kuzuiwa na kifaa kilicho mdomoni mwa mtutu.

Kwa mwanajeshi, desibeli hizo chache ni tofauti kati ya kusikia amri ya kamanda wake na kutoisikia. Kwa serikali, ni suala la fedha pia. Mvumo wa kudumu masikioni ndio ulemavu unaoongoza miongoni mwa wale wanaolipwa fidia na idara ya Marekani inayoshughulikia wanajeshi wa zamani, na wanaoulipwa wamepita milioni mbili.

Mnamo Agosti 2023, kampuni ya 3M ilikubali kulipa takriban dola bilioni 6 ili kumaliza kesi za wanajeshi waliodai kuwa vizibo vya masikio walivyopewa havikuwakinga. Kampuni hiyo haikukiri kosa.

Ni katika hali hiyo ambapo kikosi cha Marines kilitangaza mwaka 2020 kuwa kingewagawia askari wake wa mapigano maelfu ya sailensa. Nalo jeshi la nchi kavu, mnamo Aprili 2022, liliipa kampuni ya SIG Sauer kandarasi ya kuunda bunduki mpya ya milimita 6.8, ambayo sasa inaitwa M7. Wanajeshi wa Divisheni ya 101 walianza kukabidhiwa silaha hiyo mwaka 2024, ikiwa na sailensa yake.

Hapa ndipo gharama iliyofichika inapoanza kujitokeza.

Bunduki ya aina hii hutegemea gesi ya baruti iliyoungua. Risasi inapopita kwenye mtutu, sehemu ya gesi huchepuka kupitia tundu dogo na kuisukuma bolti nyuma, ganda tupu likatolewa na risasi nyingine ikaingia chemba. Gesi iliyosalia hutokea mdomoni mwa mtutu, na huko ndiko mlio mkubwa huzaliwa.

Sailensa huifungia gesi hiyo ndani ya vyumba vidogo ili ipoe na kutoka polepole. Lakini gesi iliyozuiwa mbele hutafuta njia ya nyuma. Shinikizo hudumu kwa muda mrefu zaidi, bolti hurudi kwa kasi isiyokusudiwa na aliyeiunda, na ganda huvutwa kabla halijalegea sawasawa.

Matokeo yake ni kwamba springi huchoka mapema, kulabu inayovuta ganda huvunjika haraka, na masizi hujaa mahali ambapo awali palikuwa na vumbi tu. Bunduki iliyovumilia siku nzima ya mazoezi bila kukwama huanza kusumbua baada ya saa chache iwapo haijapakwa mafuta ya kutosha.

Aidha, mpigaji mwenyewe hupata sehemu yake. Gesi inayorudi hutokea karibu na uso wake ikiwa na chembechembe za risasi na shaba, pamoja na hewa ya kaboni monoksidi. Wanaotumia mkono wa kushoto huathirika zaidi, kwa kuwa tundu la kutolea maganda kwa kawaida liko upande wa kulia, ambao kwao ndio ulio mbele ya uso.

Hivyo, madhara yaliyoondolewa sikioni yanaweza kuhamia machoni na mapafuni.

Viwanda vimejibu kwa kubuni vali ya kupunguza gesi, vizito vya kuichelewesha bolti, na sailensa za kisasa zinazoiachia gesi ipite mbele badala ya kuirudisha. Suluhisho hizo husaidia, ila kila moja ina masharti yake. Vali iliyobanwa kwa ajili ya sailensa inaweza kuikosesha bunduki nguvu ya kujipakia pindi kifaa hicho kinapoondolewa.

Kuna pia suala la kufunga kifaa chenyewe. Baada ya raundi nyingi hupata moto wa kuunguza mkono, na kikilegea kidogo tu, risasi inaweza kugonga kuta zake za ndani na kukiharibu. Kukikagua mara kwa mara si anasa.

Uzito nao haupuuziki. M7 ikiwa na sailensa hufikia takriban kilo 4.5 kabla ya kujazwa risasi, ilhali M4 inayorithiwa ni takriban kilo 3. Magazini yake ya kawaida hubeba risasi 20, si 30.

Historia inaonya kuhusu hatari ya kubadilisha silaha bila kubadilisha matunzo. Bunduki ya M16 ilipopelekwa Vietnam katikati ya miaka ya 1960, askari wengi waliaminishwa kuwa haihitaji kusafishwa sana. Vifaa vya kusafishia havikutosha, baruti ilikuwa imebadilishwa, na chemba haikuwa imepakwa kromu ya kuzuia kutu.

Bunduki zikakwama vitani, na baadhi ya askari wakakutwa wamekufa wakijaribu kuzifungua. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani ililaumu vikali usimamizi wa mradi huo mwaka 1967. Kromu ikaongezwa, vifaa vya usafi vikagawiwa, na mchoraji Will Eisner akaandaa kijitabu cha katuni cha kuwafunza vijana jinsi ya kuitunza silaha.

Somo lilikuwa wazi: silaha haikushindwa kwa ubovu wa chuma pekee, bali kwa sababu wakuu walinunua kifaa na kusahau tambara, mafuta na mafunzo.

Kwa upande wa raia, hali ni tata zaidi kwa kuwa mnunuzi hana kamanda wa kumkagua wala fundi wa kikosi. Watetezi wa kifaa hicho hutaja Norway na Finland, ambako wawindaji hukitumia kwa wingi ili kulinda masikio yao na kupunguza kero kwa majirani.

Wapinzani nao hukumbusha mauaji ya Virginia Beach ya Mei 31, 2019, ambapo watu 12 waliuawa na mshambuliaji aliyekuwa na bastola yenye sailensa. Barani Afrika, walinzi wa mbuga ya Kruger nchini Afrika Kusini wanajua vyema jinsi majangili wa vifaru wanavyotumia kifaa hicho ili milio isisikike mbali.

Hoja zote mbili zina ukweli, na ndiyo maana mahakama za Marekani zina kazi. Wanaopinga usajili wanasema sheria ya 1934 ilisimama juu ya mamlaka ya kutoza ushuru, kama Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 1937. Ushuru ukiwa sufuri, wanauliza, usajili unasimama juu ya nini? Majimbo kama California na New York, kwa upande wao, yameshikilia marufuku.

Vyovyote mahakama zitakavyoamua, fizikia haitabadilika. Gesi ikizibiwa mlango mmoja itatokea mwingine, na mwenye kulipa ni yule aliye nyuma ya bunduki.

Kwa serikali inayowavisha vijana wake kifaa hiki, wajibu hauishii kwenye kandarasi. Inapaswa kuhesabu springi za akiba, saa za mafunzo, hewa safi katika viwanja vya shabaha, na mafundi wa kutosha katika kila kikosi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jeshi la Marekani liliwahi kuujenga ukuta huo Vietnam, na walioulipia hawakuwa wale waliotia saini.