Pikipiki ukubwani: kofia kwanza, injini baadaye

Wapo watu wenye miaka hamsini ambao, watoto wakishamaliza shule, huirudia pikipiki waliyoiacha ujanani. Hakuna ubaya. Kasoro iko kwenye bajeti: fedha nyingi huishia kwenye injini, kofia ikanunuliwa kwa chenji.

Utaratibu huo ugeuzwe. Tafiti zilizokusanywa na mtandao wa watafiti wa afya wa Cochrane zinaonyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Inayofaa ina alama ya kiwango cha usalama cha ECE 22.06, inabana mashavu na haichezi kichwa kikitikiswa. Ya mtumba, hata iking'aa, isinunuliwe: povu la ndani likishabonyea kwa ajali halirudi. Jaketi lenye pedi za mabega na viwiko, glavu na buti za kufunika vifundo vifuate. Joto la Dar es Salaam si kisingizio. Yapo majaketi ya wavu yanayopitisha upepo.

Kisha chombo. Himalayan 411 ya Royal Enfield inavutia, lakini ina karibu kilo 200, na ikilala kwenye changarawe kuiinua ni shughuli. Boxer ya cc 150 ni nyepesi, na vipuri vyake si vya kutafuta kwa tochi.

Breki za ABS, zinazozuia gurudumu kukwama, nazo zizingatiwe. Tangu 2019 India huzidai kwa pikipiki mpya zinazozidi cc 125. Na kwa kuwa macho ya mwenye miaka hamsini husumbuliwa zaidi na mwanga wa taa, safari za usiku zisubiri hadi daktari ayapime.