Teknolojia Tunayo, Shida ni Waya na Bei

Wasee, tuongee ukweli. Kila mwaka tunaambiwa teknolojia itatuokoa na mabadiliko ya tabianchi. Septemba 2023 viongozi walijaa KICC kwa Kongamano la Tabianchi la Afrika, hotuba siku tatu mfululizo. Kabla mwaka uishe, Aprili 2024, mafuriko yakafagia nyumba Mathare na Mai Mahiu. Msimu huo zaidi ya watu 200 walikufa nchini. Sasa mimi nauliza: tunangoja teknolojia gani hasa?

Kama ni stima safi, tunayo. Takriban asilimia 90 ya umeme wa gridi yetu inatoka kwa mvuke wa ardhini, mito, upepo na jua. Olkaria imekuwa ikitoa umeme tangu 1981. Kule Loiyangalani kuna mitambo 365 ya upepo, megawati 310. Kuna nchi tajiri zinaota kufika hapo. Sisi tumefika, halafu tunamwaga.

Ndiyo, tunamwaga. Jioni watu wote wakiwasha vitu pamoja, gridi inalemewa. Lakini usiku wa manane nchi imelala, matumizi yanashuka, na mvuke wa Olkaria si bomba la maji useme utafunga tu na kufungua. Kwa hivyo mwingine unaachiliwa hewani bila kuzalisha kitu. Kukipambazuka, mama anapuliza kuni. Sensa ya 2019 ilisema zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zinategemea kuni kupika. Moshi unaingia kwa mapafu ya mama na mtoto, miti inaanguka, na nguvu safi imeshapotelea juu ya Naivasha.

Hapo sayansi imekosea wapi? Hakuna mahali. Mradi wa Turkana ni mfano tosha. Mitambo ilikuwa imesimama tayari 2017, lakini laini ya kuleta huo umeme Suswa ilikamilika 2018. Zaidi ya mwaka mzima upepo unavuma, waya haupo, na Serikali ikabanwa kulipa fidia ya mabilioni. Pesa zetu hizo, zimelipia stima ambayo hakuna mtu aliwasha nayo hata balbu.

Sasa kuna wimbo mpya: mashine za kuvuta kaboni kutoka hewani. Zimeanza kujaribiwa hata huku kwetu Bonde la Ufa. Wanaozijenga ni vijana wenye akili, na siwakejeli. Lakini piga hesabu. Mtambo mkubwa wa aina hiyo ulifunguliwa Iceland 2024, na umeundwa kuvuta hadi tani 36,000 kwa mwaka. Dunia inatoa zaidi ya tani bilioni 37 za kaboni dioksidi kila mwaka. Gawanya mwenyewe: kazi ya mwaka mzima ya ule mtambo, dunia inaifuta kwa kama nusu dakika. Huwezi kupiga deki na bomba bado limefunguliwa. Na waliofungua hilo bomba zaidi si sisi. Afrika nzima inatoa kama asilimia 4 tu.

Najua mtu ataniuliza, "Kama tunatoa kidogo hivyo, mbona tujisumbue na makaa?" Kwa sababu ule moshi unamuua mama yako kabla umfikie mtu wa Ulaya. Na kwa sababu mafuta ya matatu tunanunua kwa dola, ilhali mvuke ni wetu. Hata bila habari ya tabianchi, hii hesabu inalipa.

Tena njia imeshaonekana. Tangu 2023 kuna bei maalum ya kuchaji magari na pikipiki za umeme, na usiku ni nusu ya bei ya mchana. Ndiyo maana mtu wa boda ya umeme anacheka akipita petroli. Basi hiyo akili iletwe jikoni. Maharagwe na githeri hazijui saa. Ukiweka kwa presha kuka ya umeme saa tano usiku, asubuhi zimeiva. Ila nani atajaribu kama tokeni ya usiku ni bei ile ile, na hiyo sufuria yenyewe inagharimu kodi ya mwezi? Watu wakopeshwe walipe polepole, vile tulikopeshwa simu.

Kwa hivyo 2027 mwanasiasa akikuja mtaani kwako na neno "kijani", usimpigie makofi. Muulize stima ya usiku itashuka bei lini kwa nyumba ya kawaida. Muulize ni waya gani itajengwa, kutoka wapi hadi wapi, na itakamilika mwaka gani. Muulize mabasi ya umeme mangapi yatafika Umoja na Githurai, si tu mabarabara ya wenye pesa. Akianza kukuambia habari za mashine inakuja kutoka ng'ambo, mwambie hiyo ya Olkaria kwanza aimalize.