Shule zisiwapeleke wanafunzi nyikani bila maarifa ya gari

Tahadhari kabla ya hatari ni methali ambayo kila mtoto wa shule katika nchi hii huikariri na kuitungia insha. Hata hivyo, unapofika wakati wa ziara za masomo, methali hiyo huachwa darasani pamoja na chaki. Basi huoshwa likang'aa, wanafunzi huvaa sare safi, nyimbo huimbwa tangu langoni, na safari huanza kuelekea sehemu ambako lami huishia na mtandao wa simu hutoweka. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: je, gari hili likikataa kwenda huko tuendako, tutafanya nini?

Swali hilo, kwa maoni yangu, ni la elimu kabla ya kuwa la gereji. Gari kuharibika katika njia mbovu si kudra isiyotarajiwa. Ni sehemu ya safari yenyewe, kama vile kiu ilivyo sehemu ya mwendo wa jangwani. Kwa sababu hiyo, shule ambayo haijawafundisha wanafunzi wake wenyewe, mbali na dereva, namna ya kulikabili jambo hilo haina haki ya kuwatoa kwenye lami.

Anayedhani kwamba natia chumvi na aikumbuke historia ya mashindano ya magari ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari zaidi ya 80 yaliondoka mwanzoni, lakini yaliyofika mwisho yalikuwa 7 pekee. Hayo yalikuwa magari yaliyotayarishwa kwa miezi mingi, yakiendeshwa na mabingwa na kufuatwa na mafundi. Matope, mawe na mashimo yaliyashinda. Hapana shaka kwamba si sadfa pia kuwa marehemu Joginder Singh, aliyeshinda mashindano hayo mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa magari kabla ya kupata sifa za udereva. Aliijua mashine kwa mikono yake, akajua inapolia na inapotaka kupumzishwa. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo kwa mabingwa, basi la shule lenye magurudumu yaliyochakaa litatumaini nini?

Tuchukue mfano wa kaskazini mwa nchi yetu. Mwalimu wa historia anayetaka wanafunzi wake waione Koobi Fora, katika Mbuga ya Sibiloi iliyo mashariki mwa Ziwa Turkana, ana haki ya kutamani hivyo, kwa kuwa huko ndiko yalikochimbuliwa mengi ya mabaki ya binadamu wa kale yanayotajwa vitabuni. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye takriban kilomita 500, ilitiwa lami yote katika muongo uliopita, na siku ambazo malori yalichukua siku kadhaa kuimaliza zimepita. Lakini anayeiacha barabara hiyo Marsabit na kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr huingia katika ulimwengu mwingine. Yako mawe meusi ya volkano yenye makali yanayochana magurudumu. Iko changarawe iliyojikunja kama ubao wa kufulia, ambayo hulitetemesha gari kutwa nzima hadi nati zilegee na vyuma vikatike. Lipo pia jangwa la Chalbi, ambalo wakati wa kiangazi ni tambarare ngumu ya chumvi, na mvua ikinyesha hugeuka tope linalomeza gari hadi kwenye ekseli.

Mahali kama hapo ndipo elimu hupimwa. Kila mwanafunzi wa fizikia anajua kueleza kwamba shinikizo ni kani ikigawanywa kwa eneo. Atapata alama zote katika mtihani. Lakini mpe jeki gari linapopata pancha kwenye mchanga, naye ataiweka jeki juu ya mchanga mtupu, aanze kuizungusha, kisha ashangae kuona jeki inazama badala ya gari kuinuka. Laiti angekumbuka fomula aliyoiandika juzi, angetafuta ubao mpana auweke chini ya jeki, ili uzito ule ule utawanyike juu ya eneo kubwa zaidi.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo humwokoa dereva aliyekwama. Mtu asiye na maarifa hukanyaga mafuta kwa hasira, na kila mzunguko wa gurudumu huchimba kaburi la gari. Mwenye maarifa huzima injini, hushuka, huchota mchanga ulio mbele ya magurudumu kwa sepetu, huyapunguza upepo ili yatandae, kisha huondoka polepole bila kusita. Akifika kwenye ardhi ngumu huyajaza tena, kwa maana gurudumu legevu kwenye mwendo wa kasi hupata moto na kupasuka. Wafugaji wa huko wana mwalimu mkongwe wa somo hili, naye ni ngamia, ambaye wayo wake mpana hutanuka kila anapoukanyaga mchanga. Tunamfundisha ngamia katika somo la biolojia na shinikizo katika somo la fizikia, lakini hatuwaambii wanafunzi kwamba ni somo moja.

Fikiria pia rejeta inapochemka. Maji yaliyofungiwa ndani yake yamo chini ya shinikizo, na kwa ajili hiyo huweza kupita nyuzi 100 za joto bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa ghafla, shinikizo hutoweka, maji huchemka papo hapo na kuruka usoni mwa aliyefungua. Ni kijana mwenye nia njema, anayetaka kumsaidia dereva, ambaye huunguzwa hivyo. Kungoja nusu saa au zaidi hadi injini ipoe, kukagua kama mkanda wa feni umekatika au mpira unavuja, kisha kutia maji kidogo kidogo, ni mambo ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuyaelewa na kuyatenda.

Kemia nayo haikuachwa nyuma. Madereva wa malori wanajua tangu zamani kwamba tangi la petroli likitobolewa na jiwe, kipande cha sabuni ya kufulia kikifinyangwa na kusukumizwa tunduni huweza kuuzuia uvujaji hadi gari lifike kwa fundi, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Wanajua kwamba unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri huuzuia umeme kupita, na kwamba maji ya moto huuondoa. Wanajua kwamba betri ikifunguliwa, waya wa hasi hutangulia, ili spana ikigusa bodi ya gari isizue cheche. Yote haya yana maelezo yake katika vitabu vya shule. Kinachokosekana ni mtu wa kuufunga uzi kati ya kitabu na spana.

Hata hivyo, somo kubwa kuliko yote si la spana. Mara nyingi gari lililoharibika haliui mtu, bali haraka ya abiria wake ndiyo huua. Gari likizimika nyikani, wapo daima vijana hodari watakaotaka kutembea kwenda kutafuta msaada. Wazuiwe. Gari huonekana kwa mbali na kutoka angani, ilhali mtu mmoja mchangani haonekani. Gari lina kivuli, na maji yaliyobebwa yamo humo. Anayetembea juani hupoteza maji mwilini kwa kasi kuliko aliyeketi kivulini, na asiyeijua njia huzunguka hadi nguvu zimwishie. Kwa sababu hii, kila msafiri abebewe lita 5 za maji ya kunywa kwa siku, pamoja na akiba ya siku zaidi ya zilizopangwa, na maji ya rejeta yawekwe mbali ili yasichanganywe na ya kunywa.

Haraka hiyo hiyo ndiyo huwaingiza watu katika mito iliyofurika. Taifa hili halijasahau tarehe 4 Disemba 2021, wakati basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakielekea harusini liliposombwa na Mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Njia mbovu hutudai subira. Mto wa msimu aghalabu hupungua baada ya saa kadhaa, na kulala ng'ambo ya mto kwa njaa ni afadhali mara elfu kuliko kuzikwa.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu kwa heshima zote. Je, katika basi la shule ni nani mwenye kauli ya mwisho? Mara nyingi dereva huketi kimya huku mwalimu mwenye shahada akimhimiza aongeze mwendo kwa kuwa ratiba imechelewa. Dereva akisema kwamba anasikia mlio usio wa kawaida, huambiwa atazame mbele. Utingo ndiye hadhaniwi kabisa kuwa na la kusema, ingawa ndiye anayelala chini ya gari mvua inaponyesha. Tabia hii ya kudharau maarifa ya mikono ni ugonjwa wa elimu yetu, na nyikani ugonjwa huo huweza kuua.

Tukumbuke kwamba marehemu Kamoya Kimeu, aliyegundua mwaka 1984 mabaki ya yule kijana wa Turkana huko Nariokotome, magharibi mwa ziwa, alikuwa na elimu ndogo ya darasani. Jicho lake lililozoea ardhi ndilo lililowapa wataalamu wa dunia kitu cha kuandika. Mwanafunzi anayesafiri siku mbili kwenda kuiona kazi ya watu wa aina hiyo, huku njiani akimdharau utingo, atakuwa amejifunza nini?

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba silabasi ni ndefu na mitihani haingoji. Wengine watasema kazi hiyo ni ya makanika, na kwamba mzazi halipi karo ili mwanawe apakwe grisi. Wako pia watakaonena kuwa magari ya siku hizi huongozwa na tarakilishi, na hivyo hayatengenezeki kandokando ya njia. Hoja hii ya mwisho ina ukweli ndani yake. Zipo hitilafu nyingi za magari mapya ambazo spana haiwezi kuzitatua. Lakini jambo hilo linaongeza haja ya maandalizi wala haliipunguzi. Gari ambalo hamwezi kulitengeneza ni gari ambalo hampaswi kusafiri nalo peke yake. Aidha, hakuna tarakilishi iliyowahi kuizuia pancha, wala kuukwamua mchanga, wala kumpa mtu maji. Kuhusu silabasi, tayari nimeonyesha kwamba silabasi yenyewe ndiyo inayofundishwa hapa, ila inafundishwa mahali ambapo mwanafunzi hawezi kuisahau. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 uliahidi stadi za mikono, kisha masomo hayo yakapunguzwa. Mtaala wa umilisi uliokuja baadaye umeahidi jambo hilo hilo. Ahadi ya pili isifuate njia ya ile ya kwanza.

Linaloweza kufanywa halihitaji fedha nyingi. Wiki moja kabla ya ziara, dereva, utingo na makanika mmoja wa mtaani waalikwe shuleni kwa nusu siku, nao wawe walimu. Kila mwanafunzi, wa kike kwa wa kiume, abadilishe gurudumu kwa mikono yake, apime oili na maji, na aukague mkanda wa feni. Kikundi kimoja kikabidhiwe orodha ya vifaa: magurudumu mawili ya akiba, jeki na ubao wake, pampu, sepetu, kamba ya kukokotea, mkanda wa akiba, fyuzi, waya, tochi, sanduku la huduma ya kwanza na sabuni. Safari ya mbali ifanywe na magari mawili. Katika mji wa mwisho, polisi au chifu aachiwe taarifa ya njia itakayofuatwa na saa ya kutarajiwa kufika, ili mkichelewa mtafutwe. Na lililo muhimu zaidi, mwalimu mkuu atamke mbele ya wote kwamba dereva akisema gari lisimame, litasimama, na hakuna atakayelaumiwa kwa kuchelewa.

Shule ambayo haiwezi kutimiza hayo ibaki kwenye lami, kwa kuwa nchi yetu haina uhaba wa makumbusho na mbuga zinazofikika kwa barabara nzuri. Shule itakayoyatimiza itawarudisha nyumbani vijana walioiona Koobi Fora, na ambao siku moja gari likizimika mbele yao, mahali pasipo na fundi, watashuka bila kelele, waingie kivulini, kisha waanze kufikiri.