Pwani Isiyopwa

Desemba inapokaribia, mtaa wetu wa Kware, hapa Embakasi, huingiwa na homa ya Mombasa. Vyama vya akiba hugawana fedha, vijana huhesabu nauli, na gumzo ni moja tu: bahari, ngamia wa ufuoni na yale mabomba makubwa ya kuteleza majini kule Nyali. Chama chetu cha Kiswahili nacho hakijapona. Ikitajwa safari ya kimasomo, mikono huinuliwa kabla ya swali kumalizika: Mombasa, au Lamu iwapo mfuko unaruhusu.

Sina ugomvi na Mombasa. Mimi mwenyewe ni mraibu wa michezo hiyo, maana nimekulia mahali ambapo bembea za chuma huletwa sikukuu tu na kuzungushwa kwa mkono. Ninalolalamikia ni kwamba nchi hii ina fuo mbili, nasi tumeamua kuijua moja.

Safari yangu ya mwisho ya Mombasa tulipelekwa Haller Park, Bamburi. Ni bustani nzuri ajabu. Zamani palikuwa timbo la mawe ya kutengenezea saruji, hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Sasa, msomaji asidhani kwamba mtaa wetu ulipewa jina la ndege kware. Jina hilo ni neno la Kiingereza lenye maana ya timbo, lililotoholewa. Basi sisi wa timbo la Embakasi tulisafiri takriban kilomita 480 kwenda kutazama timbo lingine, tofauti ikiwa kwamba wenzetu walilipanda miti.

Mwaka uliofuata nilikata tiketi ya Kisumu, mwendo wa kilomita 350 hivi. Jioni nilipanda mashua pale Dunga, katikati ya mafunjo. Mombasa jua huchomoza baharini na mwenye kutaka kuliona hana budi kudamka. Huku hutua upande wa ziwa, mtu ameshiba samaki. Mara nahodha akanyamaza, akatuonyesha masikio mawili juu ya maji. Kiboko! Wapenzi wa mabomba ya kuteleza, nawaambieni kwamba sijawahi kushikwa na msisimko wa namna ile mahali ambapo woga huuzwa kwa tiketi.

Ziwa hili si Kisumu pekee. Kuna Rusinga, lilipo kaburi la Tom Mboya aliyeuawa mwaka 1969, na ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Proconsul mwaka 1948. Kule Migori kuna Thimlich Ohinga, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018: kuta za mawe yaliyopangwa pasi na saruji wala udongo wa kuyashikiza. Mtu wa Kware, anayejua mawe, atasimama pale kwa muda mrefu.

Hata hivyo, kilichonitia haya kama mwanafunzi wa Kiswahili ni soko la samaki. Mbuta wa Kisumu ndiye sangara wa Mwanza. Ngege wa huku ni sato wa kule. Omena, anayepimwa kwa gorogoro hapa mtaani kwetu kila jioni, ni dagaa Tanzania na mukene Uganda. Mbuta mwenyewe aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, kwa hiyo majina haya yameenea humu katika umri wa wazee walio hai. Viwanda vinapochukua minofu ya kuuza ng'ambo, mifupa inayobakia hukaangwa na kuliwa na wasio na uwezo. Wakenya wameiita mgongo wazi, Watanzania mapanki. Je, ni nani miongoni mwetu ameyafanyia maneno haya utafiti? Tasnifu zetu hushindana juu ya Kimvita na Kiamu, wala si vibaya, lakini tunaondoka tukiamini kwamba mashariki Kiswahili huzaliwa na magharibi huharibiwa tu. Yule mchuuzi aliyenitajia samaki mmoja kwa majina matatu, kulingana na taifa la mnunuzi, hakuwa akiharibu chochote.

Nimekwisha kusikia pingamizi la mhadhiri mmoja: ziwa halina pwani, kwani pwani ni mahali ambapo maji hupwa, na ziwa halipwi wala halijai kama bahari. Nakubali etimolojia hiyo. Tuseme basi ni ufuo, mwambao au ukingo. Sitalia kwa ajili ya istilahi, ilimradi basi liondoke.

Lipo pingamizi lililo zito zaidi. Ziwani hakuogeleki kiholela: kuna kichocho, kuna viboko wale wale niliowasifu, na zipo siku ambapo gugu maji huziba njia ya mashua. Anayetaka kushinda majini mchana kutwa na aende Nyali, nami nitamsindikiza mwaka mwingine.

Lakini safari ijayo ya chama haijapigiwa kura bado. Napendekeza Kisumu, Mbita na Rusinga, siku nne, kila mmoja na daftari lake la msamiati. Mweka hazina anajua pa kunipata. Jina langu na liandikwe la kwanza.