Tab ama spesi? Chagueni moja tuendelee na kazi

Makoda wa Meru na Embu, leo hatutapendana.

Tulikuwa wanne, wawili Embu, wawili Meru, tukitengeneza programu ya kuhesabu kilo za maziwa za wakulima. Wiki mbili nzima grupu yetu ya WhatsApp iliwaka moto kwa swali moja: mstari usogezwe ndani kwa kitufe cha Tab ama kwa spesi nne? Hatukukubaliana. Kila mtu akaandika vile anajiskia.

Halafu mmoja wetu akafungua faili ya hesabu arekebishe kitu kidogo. Laptopu yake ikaipanga faili yote upya kwa mtindo wake. GitHub ikaonyesha mamia ya mistari imebadilika. Nani atasoma hiyo yote saa sita usiku? Mkaguzi nilikuwa mimi. Nikapitisha tu. Kumbe ndani ya hiyo fujo alama moja ya "sawa na" ilikuwa imepotea, na siku ya mwisho ya mwezi ikawa haihesabiwi. Aliyetushtua ni mama mmoja mkulima, na kitabu chake cha kalamu mkononi. Maziwa ya siku nzima hayakuwa kwa programu yetu. Manze, aibu!

Na bado kuna mtu ananiambia mtindo ni "uhuru wake". Uhuru gani? Nenda kituo chochote cha kununua chai huku kwetu. Sheria ni majani mawili na chipukizi. Hakuna mchumaji anamwambia karani, "Mimi nina staili yangu." Atarudi nyumbani na kikapu chake.

Na si ati kuna jibu moja takatifu. PEP 8, mwongozo wa Python wa mwaka 2001, unasema spesi nne. Lugha ya Go, iliyotangazwa 2009, ina gofmt, na gofmt inaweka tab. Majibu yanapingana kabisa, na lugha zote mbili ziko kazini dunia nzima. Kinachosaidia ni watu kukubaliana, basi.

Kwa hivyo siku ya kwanza, kabla ya mstari wa kwanza, chagueni chombo kimoja: Black kwa Python, Prettier kwa JavaScript. Mipangilio yake ikae ndani ya mradi, kila laptopu ifuate, mashine ipange, nyinyi mfikirie. Mradi ni wa zamani? Pangeni faili zote mara moja, kivyake, bila kuchanganya na marekebisho mengine.

Mimi ni mtu wa tab. Tulipopiga kura hatimaye, nilishindwa. Sasa natumia spesi nne kila siku na sijafa. Ubunifu wako uweke kwa hesabu ya yule mama itoke sawa. Nafasi tupu mwanzoni mwa mstari haijawahi kumlipa mkulima.