Simba akilala, nawe lala

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi, na sababu yenyewe ina miguu minne. Mbwa wa shangazi yangu kule Limuru alizaa watoto sita, nami nikapewa mmoja wa wiki nane. Nimemwita Simba, kama nusu ya mbwa wa Kenya.

Wanaotoa ushauri kuhusu kijibwa humzungumzia kijibwa tu: chakula, chanjo, mahali pa kukojoa. Mimi leo nataka kumzungumzia yule anayepiga deki saa tisa usiku.

Wiki ya pili, saa hizo hizo za deki, nilirudi kwenye tarakilishi kumalizia kazi ya ofisi. Nikafuta jedwali zima la oda nikidhani niko kwenye seva ya majaribio. Sikuwa huko. Bekapu ya saa sita usiku ilituokoa, lakini oda zilizoingia baada ya hapo zilipotea, na asubuhi ni mimi niliyewapigia wateja simu. Nikampigia na shangazi, nikamwambia namrudisha mbwa wake.

Hakubishana. Aliniuliza, "Mbwa amelala saa ngapi jana?" Nikahesabu. Nyingi. "Na wewe?"

Hapo ndipo nilipoona upuuzi wangu. Kijibwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Simba hakuninyima usingizi, nilijinyima mwenyewe. Kila alipofumba macho mimi nilikimbilia kazi ili "kufidia muda", na alipoamka nilikuwa nimechoka kuliko alivyoniacha.

Tena, hata nilipojilaza nilikuwa namchungulia kila dakika tano. Waliosoma kompyuta wataelewa: prosesa inaweza kuuliza kibodi kila wakati "kuna kitu? kuna kitu?", au inaweza kuendelea na mambo yake mpaka kibodi yenyewe iikatize. Njia ya kwanza hula nguvu bure. Simba ana sauti, akinihitaji atalia. Kwa hiyo sasa analala kwenye boksi kando ya kitanda, nami sichunguliي tena.

Hesabu iliyonisaidia zaidi ni hii: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kubana mkojo. Wa miezi miwili, saa tatu. Nikilala saa nne usiku, kengele inalia saa saba, halafu saa kumi. Kuamka mara mbili kwa mpango si sawa na kuamka mara tisa kwa hofu.

Kuna watakaosema mbwa ni mbwa, afungwe nje. Nje ipi? Naishi ghorofa ya tatu. Isitoshe chanjo zake hazijakamilika, na virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi. (Ya kichaa cha mbwa atachomwa akifikisha miezi mitatu. Hiyo msiahirishe, ni uhai wenu pia.)

Jambo gumu kwangu lilikuwa kuomba msaada. Nilimwambia bosi naomba kuanza kazi saa nne asubuhi kwa wiki mbili. Wenzangu walicheka, eti likizo ya uzazi ya mbwa! Wacheke. Ruhusa nilipata. Mtoto wa jirani naye humkalia Simba saa moja kila jioni, nami Jumamosi namfundisha Scratch. Saa hiyo moja naoga bila haraka na kula chakula kikiwa moto. Wiki ya kwanza nilikuwa nampikia mbwa uji na maini, mimi nikishindia mkate mkavu. Nani alinituma?

Sasa ni saa saba mchana, siku ya mapumziko. Simba anakoroma juu ya soksi yangu. Kuna programu ya rafiki yangu inakwama na nimeahidi kuitazama. Nitaitazama akiamka. Naenda kulala.